Alitoka kituoni ana miaka miwili, sasa ana minne na ticha anasema mzito: je kituo kilimharibu akili?

Swali ni la mama mmoja wa Tabata, aliniandikia kurasa karibu tatu, nalifupisha ili twende pamoja. Yeye na mumewe walimchukua binti kutoka makao ya watoto akiwa na miaka miwili na miezi miwili, na hapo makao alikuwepo tangu wiki ya kwanza ya maisha yake. Sasa ana miaka minne na miezi mitatu. Anaongea maneno mawili matatu kwa mkupuo ("mama maji", "nipe ile"), kuhesabu anafika nne anarudi mbili, ticha wa bebi klasi kaandika kwenye daftari "mzito kuelewa, hatulii". Akianguka halii. Anamkumbatia mtu yeyote, juzi kamkumbatia bodaboda aliyeleta gesi. Usiku anaficha kipande cha chapati chini ya mto. Mama mkwe anakaa nao, na neno lake ni moja: "damu ya watu hamuijui." Mama anauliza, ile miaka miwili ya kituoni imemharibu ubongo, na kama imeharibu atarudi sawa au ajiandae tu kuishi nayo.

Mdogo wangu, jibu la haraka kwanza maana najua hulali. Ndiyo, kituo kimemchelewesha, hilo sikufichi. Na hapana, huyu siyo mtoto wa "kujiandaa tu". Alafu kuna kitu hukuniuliza ila kimejificha kwenye ukurasa wako wa pili, umekitaja kwa kupita kama mtu anayetaja mvua, kwangu mi ndo kikubwa kuliko vyote, nitakifikia.

Kwanza tuelewane kituo kinafanya nini kwa mtoto mchanga, maana watu wakisikia "kituo kimemwathiri" wanawaza kapigwa au kanyimwa chakula. Inatokea, lakini hata pale ambapo hakuna kipigo na uji upo wa kutosha bado mtoto anachelewa. Zamani nilikuwa naenda kituo kimoja hapa Dar kila Alhamisi, sitakitaja, na hata hivyo kilikuwa siyo kibaya, kisafi, wana neti, wana maziwa. Chumba cha wachanga kilikuwa na vitanda 11 na mama mlezi mmoja kwa shifti. Kilichonishtua siku ya kwanza siyo kelele, ni ukimya. Watoto 11 macho makavu, wako macho, hakuna anayelia. Chupa ya maziwa imeegeshwa kwenye khanga iliyokunjwa ili mtoto anyonye mwenyewe bila kushikwa. Kulikuwa na kakijana ka miezi kama kumi, kanageuza mkono wake mbele ya uso, kanaangalia vidole, kanageuza tena, nimekaa pale dakika arobaini nzima kanaangalia vidole tu kama sisi tunavyoangalia tivii.

Sasa piga hesabu na mimi. Watoto 11, kila mmoja ukimlisha kwa kumshika na kumuongelesha dakika 20, hizo ni dakika 220, yani saa tatu na dakika arobaini kwa mlo mmoja. Milo mitatu ni saa kumi na moja. Bado hujabadilisha nepi, hujafua, hujamuogesha mtu, hujaenda chooni mwenyewe. Kwa hiyo yule mama siyo mbaya, hesabu ndo imemshinda, anaegesha chupa kwenye khanga na anaenda kwa mwingine. Saa kumi na mbili shifti inabadilika anakuja mwingine, na mwisho wa mwaka nusu yao wameshaondoka wametafuta kazi yenye mshahara wa maana. Mtoto anajifunza kitu kimoja mapema sana, kwamba kulia hakuleti mtu. Anaacha. Binti yako akianguka halii, wageni wanasema "jasiri huyo", we usikubali hiyo sifa. Hajawa jasiri. Hategemei kama kuna mtu atakuja.

Na akili inaingiaje hapo? Inaingia hivi. Ubongo wa mtoto anapozaliwa una uzito kama robo tu ya ubongo wa mtu mzima, akifika miaka miwili umeshafika karibu asilimia 80. Kinachoujenga humo ndani siyo maziwa peke yake, ni kurushiana. Mtoto anasema "ba", mtu anadaka anarudisha, "baba? baba kaenda kazini, atakuja na ndizi", mtoto anarusha tena. Mara mia kwa siku, siku mia saba. Humo ndo anapata maneno, anapata kujua kwamba kitu kinasababisha kitu, anapata kungoja zamu, anapata kukumbuka ndizi mpaka jioni. Wa kituoni alirusha, mpira ukaanguka chini. Akarusha tena. Baadaye akaamua kuangalia vidole.

Haya siyo mawazo yangu ya Alhamisi, yamepimwa, na nchi iliyotufundisha zaidi kwa bahati mbaya ni Romania. Mwaka 1966 utawala wa Ceaușescu ulipiga marufuku utoaji mimba na kuubana uzazi wa mpango, ukitaka watu waongezeke, watu wakazaa watoto ambao hawakuwa na uwezo wa kuwalea, na serikali ikawa inawaambia waleteni kwetu. Desemba 1989 utawala ulipoanguka dunia ikaingia kwenye yale majumba ikakuta watoto zaidi ya laki moja, wamelala kwenye vitanda vya vyuma, wengi wanajitikisa mbele na nyuma.

Waingereza wakaanza kuwaasili. Profesa Michael Rutter na wenzake wakawafuatilia 165 waliotoka Romania, wengi wao kwenye majumba hayo, wakawalinganisha na watoto 52 walioasiliwa Uingereza kwenyewe wakiwa wachanga. Walioondoka kabla ya miezi sita, walipofika miaka sita hukuweza kuwatofautisha na wale wa Uingereza. Waliokaa zaidi ya miezi sita ndo shida ikaonekana, wengine akili iko nyuma, wengine hawatulii, wengine wanafuata mtu yeyote barabarani. Usishtuke bado, subiri nimalize.

Watu wa kukosoa wakasema, na walikuwa na haki, labda walioasiliwa mapema ndo waliokuwa wazima tangu mwanzo, familia zilichagua. Ili kulijibu hilo, karibu na mwaka 2000 watafiti wa Kimarekani Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah wakaenda Bucharest, mji mkuu wa Romania, wakachukua watoto 136 wa miezi 6 mpaka 31 kwenye vituo sita, wakapiga kura, ile ya bahati nasibu siyo ya uchaguzi. Nusu wakapelekwa kwa familia za malezi ambazo mradi wenyewe uliziandaa na kuzilipa, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Watu wamebishana sana kama ilikuwa halali kupiga kura na maisha ya mtoto, mi nilipokuwa nasoma nilikasirika kabisa, baadaye nikaelewa kwamba wakati ule familia za malezi Bucharest zilikuwa karibu hakuna, na waliobaki hawakuzuiwa kuondoka nafasi ikipatikana. Anyway matokeo. Kwenye kipimo cha akili ambacho wastani wake ni 100, wakiwa na miezi 42 waliobaki vituoni walikuwa na wastani wa 77, waliopelekwa kwenye familia karibu 86, na watoto wa familia za hapohapo Bucharest ambao hawakuwahi kukaa kituoni 103. Ukiwagawa wale wa familia kwa umri waliotoka unaona ngazi kabisa: waliotoka kabla ya miezi 18 walipata 94, wa miezi 18 mpaka 24 wakapata 89, waliotoka baada ya hapo wakabaki kwenye 80 hivi. Kura ilipigwa, kwa hiyo huwezi kusema ni damu. Damu ilikuwa ni ileile. Kilichobadilika ni nyumba.

Hiyo ndo ya kumsomea mama mkwe, ila kwa adabu.

Najua unachofanya sasa hivi, unahesabu. Miaka miwili na miezi miwili ni miezi 26, amepita mstari. Ndo maana nilisema usishtuke. Kwanza ile ni wastani wa kundi, ndani yake kuna waliofanya vizuri kuliko wastani na waliofanya vibaya kuliko wastani. Pili, mtoto wako hakutoka kwenye majumba ya Romania ya 1989, namba zao huwezi kuzibandika kwa mtoto wa Dar kama stika. Tatu, na hii watu wengi hawaijui kwa sababu habari za kutisha zinasambaa fasta kuliko habari nzuri, wale wa Romania walioasiliwa Uingereza waliendelea kufuatiliwa mpaka wakawa watu wazima wa miaka 22 mpaka 25, ripoti ikatoka 2017. Wale waliokaa zaidi ya miezi sita, ambao wengi walikuwa nyuma kiakili utotoni, ukubwani kiwango chao cha kuwa nyuma kiakili kilikuwa kimeshuka mpaka kufanana na wenzao. Walifika, walichelewa tu kufika. Na mmoja kati ya watano hakuwahi kuonyesha tatizo lolote katika vipimo vyote tangu utotoni.

Nisikudanganye pia upande wa pili. Kilichobaki kwa wengi wao ni kutotulia, umakini mdogo, na mambo ya kijamii, yale ya kukosa mipaka na watu. Na walipopigwa picha za ubongo ukubwani, ripoti ya 2020, ubongo wao kwa wastani ulikuwa mdogo kwa asilimia 8.6 kuliko wa wale wa Uingereza, na kila mwezi wa ziada kwenye majumba yale ulikuwa unaongeza pengo. Kwa hiyo ukiniuliza kama kituo kinaacha alama nitakwambia kinaacha. Alama na hukumu ni vitu viwili.

Hapa kwetu pia kuna utafiti ambao ukiusoma vibaya utakuchanganya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliangalia mayatima na watoto walioachwa katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, pamoja na Kenya, Ethiopia, India na Kambodia, wakatoa 2009 kwamba watoto wa vituoni hawakuwa nyuma kiafya wala kiakili kuliko wenzao waliolelewa majumbani na ndugu. Wenye vituo waliupenda sana huo. Lakini wale walikuwa watoto wa miaka 6 mpaka 12, na wengi wa umri huo waliingia kituoni wakiwa wameshanyonya, wameshabebwa mgongoni, wameshaitwa majina. Alafu unawalinganisha na yatima anayelala njaa kwa shangazi Mbagala. Kwa mtoto aliyeingia na siku tano swali ni jingine. Kuna utafiti mdogo uliofanyika hapahapa Tanzania wa 2014 uliwalinganisha hasa hao, walioingia vituoni kabla ya miaka minne na walioingia wakubwa, na walioingia wadogo ndo walikuwa wameumizwa zaidi na wana matatizo zaidi ya kihisia. Mi nilichokiona kazini kinafanana na huo.

Sasa tuje kwa binti. Nakupa kitu ninachowapa wazazi wote wa watoto wa kuasili, nakiita umri wa nyumbani. Hesabu kuanzia siku uliyovuka naye kizingiti cha mlango. Kwako ana miaka miwili na mwezi mmoja. Mtoto wa miaka miwili na mwezi anaongeaje? "Mama maji." "Nipe ile." Unaona? Hajakwama, yuko kwenye ratiba, ila ratiba yake ilianza siku nyingine. Umri wa nyumbani siyo kipimo cha hospitali, ni fimbo ya kutembelea tu, lakini inakusaidia kuuliza swali sahihi. Usiulize kwa nini hayuko kama mtoto wa jirani wa miaka minne, uliza miezi sita iliyopita alikuwa anasema nini. Umeniandikia mwenyewe kwamba mwaka jana mwezi kama huu alikuwa anavuta tu nguo na kuonyesha kidole. Kutoka kuvuta nguo mpaka "nipe ile" ndani ya mwaka, mdogo wangu, huyo anatembea. Ningeogopa kama angekuwa amesimama, au anapoteza maneno aliyokuwa nayo, au hakuangalii kabisa usoni, au anapata zile za kukakamaa na kupoteza fahamu. Ukiona mojawapo ya hizo usingoje jibu la mtu wa mtandaoni, mpeleke.

Kabla hatujalaumu kituo kwa kila kitu, masikio. Naomba hili lifanyike mwezi huu. Watoto wa vituoni wanalalishwa chali na chupa imeegeshwa, mafua yanazunguka chumba kizima, sikio linajaa usaha au maji ndani na hakuna wa kugundua, sasa mtoto asiyesikia vizuri anaonekana mzito na hatulii. Nenda kwa daktari wa masikio na mwambie kabisa unataka apimwe usikivu, siyo kumulikwa tochi tu. Mwambie na wingi wa damu pia, kwa umri wake ikiwa chini ya 11 huo ni upungufu, na upungufu wa madini ya chuma peke yake unatosha kumpunguzia mtoto umakini. Selimundu (sikoseli) kama hajapimwa, macho, minyoo. Beba kadi ya kliniki ya kituoni hata kama imeandikwa nusu. Nimeona mtoto aliyeitwa zuzu miaka miwili, kumbe sikio la kulia lilikuwa halisikii na ticha alikuwa anamkalisha upande huohuo.

Kumkumbatia bodaboda. Hili linawachanganya sana watu kwa sababu linafanana na upendo. Si mmewahi kwenda kituoni na keki ya bethidei na katoni ya juisi, mkashuka tu kwenye gari watoto wakawakimbilia wakawashika miguu, mkasema "jamani watoto hawa wana upendo", mkapiga selfi mkaondoka saa nane? Nawaambia wazi, sipendi zile ziara. Mtoto wa miaka mitatu aliyelelewa na watu wake akimuona mgeni anajificha nyuma ya sketi ya mama kwanza, ndo inavyotakiwa. Anayemkimbilia kila mtu ni kwa sababu kwake watu wote ni sawa, hajapata mtu wake. Kwa hiyo usimpige wala usimuaibishe mbele ya bodaboda, mshike mkono, mwambie "tunasalimia kwa mkono, kukumbatia ni kwa mama, baba na bibi", kila siku, maneno yaleyale. Na waambie majirani wasimbebe. Watakuona unaringa, waache wakuone hivyo.

Chapati chini ya mto siyo uchawi wala uchoyo. Kituoni chakula kinakuja kwa saa, ukichelewa hakipo. Weka kibakuli cha plastiki chenye mfuniko karibu na kitanda, weka ndani kitu kikavu, andazi au karanga zilizosagwa, mwambie hiki ni chako usiku wote, asubuhi kagua na jaza bila kusema neno. Watoto wengi baada ya miezi kadhaa wanasahau kibakuli. Wengine wanataka kiendelee kuwepo tu hata kama hawali. Kiache.

Shule. Umesema ni ya ingilishi midiam na umelipa mpaka mwisho wa mwaka, pole. Sisemi lugha mbili zinaharibu akili, hapana, watoto wa mpakani wanaongea tatu na wako poa. Ninachosema ni kwamba huyu hajapata lugha moja ya kuegemea, na Kiingereza cha pale anakipata kwa kuimba "wani tuu thrii" kwa pamoja, hakuna anayeongea naye yeye kama yeye. Ukipata darasa la awali la Kiswahili lenye watoto wachache hata kama halina geti zuri, mhamishe. Ukishindwa, mbakishe nusu siku tu arudi nyumbani. Na ikifika taimu ya darasa la kwanza usione aibu akichelewa mwaka mmoja, nani anakuuliza mtu mzima ulimaliza la saba na miaka mingapi?

Kutotulia kwake kunafanyiwa mazoezi, na mazoezi yenyewe ni michezo iliyotulea sisi. Ule wa kusema "majini" anaruka mbele, "nchi kavu" anaruka nyuma, alafu unamdanganya kwa kurudia neno lilelile, hapo anajifunza kujizuia. Rede, kungoja zamu. Kumtuma, kwanza kitu kimoja, "niletee kijiko", akizoea viwili, "niletee kijiko na kile kikombe cha bluu". Hadithi za usiku, akijibu "hadithi njoo" tu inatosha kuanza, usimuulize maswali ya mtihani. Tivii na klipu za kwenye simu punguza sana, siyo kwamba ni sumu, ila tivii inarusha tu haidaki.

Haya, kile cha ukurasa wa pili. Umeandika, nanukuu, "dada wa kazi wa sasa ni wa tatu tangu tumpate, wa mwanzo aliolewa, wa pili tulishindwana". Na umesema unatoka saa kumi na moja na nusu kuwahi dukani Kariakoo na kurudi ni saa mbili usiku, kwa foleni siwezi hata kukulaumu. Sasa rudia ile picha ya kituo niliyokuchorea. Mtu mmoja wa mchana, mwingine wa usiku, baada ya miezi kadhaa sura inabadilika. Mdogo wangu, bila kukusudia binti yako bado yuko kwenye shifti. Nyumba ni nzuri zaidi, chakula ni kitamu zaidi, anaitwa kwa jina lake, lakini kwa masaa mengi ya siku mtu wake anabadilika, na mtu wake ndo dawa. Kule Bucharest hakukuwa na vidonge wala mashine, watoto walipewa mtu wa kudumu. Sikwambii ufunge duka. Nakwambia ama umlipe huyu dada vizuri akae, umfundishe kudaka mpira kama nilivyoeleza, mpe hata advansi ya sikukuu lakini akae miaka miwili ijayo, ama tumtafute mwingine ndani ya nyumba asiyeondoka. Na yupo, anakaa sebuleni anasema habari za damu.

Najua utanuna. Ila nikupe stori moja ya zamani. Miaka ya 1930 huko Iowa, Marekani, mtaalamu anaitwa Harold Skeels aliwatoa watoto 13 kwenye nyumba ya yatima iliyojaa, wengi hawajafika hata miaka miwili, wameshapimwa na kuitwa mataahira, akawapeleka wapi? Kwenye taasisi ya wanawake wenye ulemavu wa akili. Watu walidhani amechanganyikiwa. Kila mtoto akapata mwanamke mmoja au wawili waliompenda kama mtoto wao, wakawa wanamchezesha, wanamshindanisha na wa wenzao nani katembea kwanza. Kipimo cha akili kikapanda kwa wastani wa zaidi ya pointi 25, huku kundi la watoto 12 waliobaki kwenye nyumba ya yatima, ambao mwanzoni walikuwa na akili nzuri kuliko hao, likashuka kwa karibu kiasi hichohicho. Alipowatafuta ukubwani akatoa ripoti 1966, wale 13 wote walikuwa wanajitegemea. Wanawake waliowainua hawakuwa wamesoma, wengine hata kusoma hawakuweza. Walikuwa na muda, na kila mmoja alikuwa na wake.

Mama mkwe wako ana miaka 60 na kitu, kalea wanaume watano akiwemo shemeji, ana muda wote wa dunia. Anayosema kuhusu damu mi nasikia woga, anaogopa kumpenda mtoto ambaye pengine mtanyang'anywa. Mwonyesheni amri ya mahakama, imesainiwa, haendi popote. Alafu usimpe kazi ya "kumfundisha mtoto", atagoma. Mwambie mgongo unauma na mchele una mawe, amkalishe binti pembeni ya ungo wachambue wote. "Hili jiwe, hili siyo jiwe. Lete jiwe. Mawe mangapi?" Wakifika nne wakarudi mbili waache warudi. Na ukija kwangu na majibu ya masikio njoo na bibi, nitaongea naye yeye, we utakaa kwenye benchi nje.